Waridi, Jina Lisiloitwa

Nimerudi kwa mama, Mji wa Kale, kulelewa uzazi, na tangu nifike situlii. Mama kafunga madirisha mtoto asipigwe na upepo, kafukiza udi, na nikiinuka tu nasikia, "Lala, mzazi hazururi!" Nitalalaje? Kesho ni siku ya saba, binti yangu anapewa jina, na jina nilitakalo mimi mama hataki kulisikia.

Chumba hiki kilikuwa cha bibi. Huenda nawe, mwenzangu, ulikuwa na bibi kama huyu, mwepesi wa kufoka na mwepesi zaidi wa kucheka. Alipanda miwaridi kwenye madebe ya samli pale roshani, nasi wajukuu tukiimwagilia maji yaliyooshewa samaki huku tumeziba pua. Jioni alichanganya maua na asumini na rihani akafunga vikuba vya kuvaa kifuani. Yaliyobaki yaliingia kwenye shira tamu ya kaimati, na tukila, vidole vilinukia hadi asubuhi.

Miaka yote hiyo sikujua jina lake. Mama alimwita Mama, sisi Bibi, kwa kuwa kwetu jina la mkubwa halitajwi ovyo. Hata mtoto akirithi jina la nyanyake, huitwa Bibi vilevile. Nililijua siku ya msiba, jirani aliyecheza naye utotoni alipoingia akilia, "Waridi! Waridi wangu!" Nikauliza Waridi ni nani. Wakubwa wakanikazia macho. Niliona uchungu, na hadi leo naona: jina tamu hivyo, laini mdomoni, lenye harufu na miba yake, nalisikia mwenye jina keshafunikwa sanda.

Asubuhi nilimwambia mama nia yangu. Akaacha kumkanda mtoto.

"Ina la mamangu? Nitamgombezaje nalo? Niseme Waridi umekojoa tena, Waridi wanitia wazimu?"

"Ndiyo, mama. Aitwe."

"Tutamwita Bibi. Mwacha mila ni mtumwa."

"Basi litazikwa mara ya pili."

Akarudi kumkanda mtoto. Tangu hapo nazunguka kitanda hiki, mara nakaa, mara nachungulia kwenye upenyo wa dirisha. Roshani imeng'olewa, kule chini wanauza simu. Yule jirani naye katangulia mbele ya haki. Hakuna tena hapa duniani mtu aliyewahi kumwita bibi yangu kwa jina lake, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Alasiri niliingia kuoga. Mtoto akaanza kulia, nikajifunga kanga mbiombio nikatoka, maji yakinitiririka. Mlangoni nikasimama. Mama alikuwa amempakata, kanipa mgongo.

"Bibi, nyamaza," alisema. "Bibi, basi."

Mtoto akazidi. Mama akachungulia kwenye upenyo wa dirisha kama kuna mtu barazani, kisha akainama sikioni mwa mtoto.

"Waridi," alisema. "Waridi. Nisamehe, mamangu."