Ndimu Kwenye Beseni la Wakwe

Ukitaka kujua juma lile kiwanda cha nguo cha Kalemie kinatoa vitenge vya rangi gani, hukuwa na haja ya kwenda dukani. Ulimtazama Casimir mikono. Ikiwa ya bluu, vitenge vya bluu. Ikiwa ya kijani, basi sherehe ya chama iko njiani, jiandae kucheza utake usitake. Wanawake wa sokoni walikuwa wakimsimamisha barabarani, "Papa Casimir, leta mikono tuone," halafu wanaanza kubishana watashona nini mwisho wa mwezi.

Kwenye karatasi za serikali aliitwa sitwayeni Mulonda, yaani raia Mulonda, kwa sababu miaka ile ya Zaïre majina ya ubatizo yalikatazwa. Lakini mama yake kule Mpala hakuwa serikali. Alimzaa Casimir, akambatiza Casimir, na Casimir alibaki.

Alikuwa amesoma shimi, kemia kwa wale wanaopenda kuiita hivyo, katika kampasi ya Lubumbashi. Ukoo mzima ulitaka daktari. Kila aliporudi likizo, shangazi fulani alikuja kumwonyesha goti.

"Shangazi, mimi si munganga."

"Basi unasoma nini miaka yote hii?"

Weee, hapo usimwulize! Casimir angekueleza mpaka ugali uote ngozi: mafuta ya mawese yanageukaje sabuni, kutu inatoka wapi, kwa nini maziwa yanaganda. Alikuwa anaipenda kazi ile kwa mapenzi ya kweli. Mara ya kwanza alipoona maji mawili yasiyo na rangi yanakutana ndani ya glasi na kuwa ya waridi, alicheka kwa sauti mpaka asistanti akamtoa nje ya maabara. Kesho yake alirudi, akacheka tena, safari hii kimyakimya.

Kiwandani alichanganya rangi, na kila asubuhi alipima soda ya kuoshea pamba. Soda ikiwa hafifu, nguo inabaki chafu. Ikizidi, inakula uzi. Kuipima alitumia dawa moja isiyo na rangi, yenye jina refu kama treni ya Kabalo: fenolftaleini. Ukiidondoshea kwenye maji yenye soda, au majivu, au sabuni, yanakuwa ya waridi papo hapo. Ukikamulia ndimu, rangi inakwenda zake. Basi, ni hivyo tu, hakuna jini wala pepo. Likumbuke hilo, maana kuna watu wazima wanakuja hapa mbele watakaolisahau mbio.

Sasa, Casimir alikuwa na shida moja tu duniani, na shida hiyo iliitwa Célestine. Alishona nguo kwenye baraza karibu na stesheni, alikuwa na ulimi mkali na meno mazuri, na wanaume waliochanika suruali mahali pa ajabu ajabu walikuwa wengi sana mtaa ule. Wengine walimletea marashi. Casimir alimletea kichupa cha fenolftaleini. Célestine akafungua, akainamisha shingo ajipake.

"Usijipake!" Casimir akaruka.

"Ee, mutu analeta zawadi halafu anakataza!"

Ikabidi aombe maji ya sabuni na kipande cha ndimu, amwonyeshe pale pale juu ya meza ya cherehani. Waridi, kisha hakuna. Waridi tena, kisha hakuna. Célestine alitazama maji, akamtazama mwanaume aliyekuwa anatabasamu kama mtoto aliyepewa muwa, akakitia kile kichupa ndani ya kopo la vifungo. Tangu siku ile wenye suruali zilizochanika walianza kuambiwa watafute mshonaji mwingine.

Ilibaki kumwona baba yake, na hapo ndipo Casimir alipopoteza hamu ya kula. Papa Siméon alikuwa Mubembe wa pande za Fizi, mfanyabiashara wa ziwani, mtu aliyevuka na samaki mpaka Kigoma na kurudi na kila kitu isipokuwa maneno ya bure. Nyumbani kwake kulikuwa na desturi yake. Siku ya kwanza, mchumba hafungui kinywa. Msemaji wake ndiye anayesema. Binti anakaa jikoni mpaka aitwe. Mwisho linaletwa beseni moja. Wageni wananawa, kisha Papa Siméon ananawa maji yale yale na kula nao. Akinawa, mmekubaliwa. Akisema ameshiba, vaeni viatu. Wachumba wawili wa dada yake Célestine walikuwa wameambiwa ameshiba, na mmoja wao alikuwa na pikipiki.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Casimir aliona apitie kiwandani kidogo tu, apime soda, atengeneze dawa mpya maana ya zamani ilikuwa imeisha. Haraka haraka, chupa ikampindukia mikononi. Pale getini mjomba wake Basile, aliyetoka Mpala kwa mtumbwi ili awe msemaji, alikuwa anapiga kelele kwamba wakwe hawangojewi na mtu. Dawa ile huchanganywa na spiriti, na spiriti hukauka upesi. Casimir akatazama mikono yake: mikavu, safi, haina bluu wala kijani, kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Akafurahi! Akaifuta kwenye kitambaa, akafunga kola ya suti yake ya abakosi, akatoka. Mtu mwenye licence, digrii nzima ya shimi, jamani, anafuta mikono kwenye kitambaa!

Walikaribishwa vizuri. Casimir alikaa macho chini, kama alivyofundishwa. Mjomba Basile alikuwa katekista, na maneno kwake hayakuwa tatizo; tatizo lilikuwa kuyasimamisha.

"Mutoto yetu njo huyu," alisema. "Alisoma iniversite. Shimi!"

"Shimi njo kazi gani?" Papa Siméon akauliza.

"Kazi ya rangi, Papa. Pale kiwandani."

"Yaani alienda mpaka Lubumbashi kujifunza kupaka rangi?"

Casimir aliuma ulimi. Maneno yalimjaa kifuani, na hata moja halikuwa na ruhusa ya kutoka.

Mjomba Basile hakutishika. "Papa, ile shimi inafungua milango mingi! Mwenzake Nicolas iko Manono, anapima mawe, anajua kama ndani kuna bati ao hakuna. Julienne, binti tu, anapima maji watu wanakunywa mujini. Édouard naye anafanya bia."

"Huyo wa bia," Papa Siméon akasema taratibu, "alishaoa?"

Wazee wawili wa ukoo wake, waliokaa pembeni, walicheka. Mjomba Basile naye akacheka, akijua wazi kwamba mambo yanaharibika. Jikoni mfuniko wa sufuria ulianguka, na alijua nani ameuangusha na kwa nini.

Ndipo Mama Christiane, mama yake Célestine, akaleta chakula: samaki kuhe mkubwa wa kukaanga, ugali uliopanda kama kichuguu, ndimu zilizokatwa kwenye sahani. Halafu beseni la maji yaliyotekwa ziwani, na kipande cha sabuni ya mawese, ile ya kupikwa nyumbani, kali kweli kweli. Mjomba Basile alinawa kwanza. Casimir akafuata. Akatia mikono, akashika sabuni, akasugua.

Maji yakageuka mekundu.

Si mekundu sana, waridi kama ya mtu aliyeosha kidonda. Lakini waeleze wazee wawili na baba mkwe kwamba ni waridi! Mama Christiane alipiga yowe akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Mzee mmoja alisimama, kiti kikaanguka.

"Damu!" alisema. "Mikono ya huyu kijana inatoa damu!"

Casimir alijua mara moja. Chupa, spiriti, kitambaa, mjinga mimi! Akamtazama mjomba wake, yeye tu ndiye mwenye ruhusa ya kusema. Naye mjomba Basile alikuwa amekodoa macho kuliko wote.

"Eeeh... Papa," alianza, "ile njo... ile ni baraka. Kwetu Mpala, mukwe muzuri..." Na hapo kwa mara ya kwanza maishani mwake, maneno yalimwishia.

Casimir alifanya nini? Kusema hawezi, kukaa kimya hawezi. Alinyoosha mkono kwenye sahani ya samaki, akachukua ndimu, akaikamulia yote ndani ya beseni. Maji yakakorogeka, yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Damu haipo. Akaonyesha mikono yake, mizima, akatabasamu lile tabasamu lake.

Loo! Afadhali angeacha ile damu. Wazee wawili walitoka mbio, mmoja na kiatu kimoja. Damu inayokuja ni balaa, lakini damu inayoitwa ikaja na kufukuzwa ikaenda, hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ni mchawi.

Alibaki Papa Siméon peke yake upande wake wa meza. Hakukimbia. Alikuwa amevuka ziwa katika dhoruba mara nyingi, na maji ya beseni hayakutosha kumsimamisha. Lakini mikono yake alikuwa ameirudisha magotini.

"Papa Basile," alisema, "tunashukuru kwa safari yenu. Mimi nimeshi..."

"Papa, ngoja!"

Célestine alikuwa amesimama mlangoni, bila kuitwa, aproni imejaa unga, kopo la vifungo mkononi. Mama yake alimvuta kanga. Kanga ikabaki kwa mama. Célestine akamwaga yale maji nje, akaweka mengine safi ya ziwani, akayasugulia sabuni yeye mwenyewe. Kisha akafungua kichupa, akadondosha.

Waridi.

Akachota kidogo kwenye kikombe pembeni, akakamulia ndimu. Hakuna.

"Mikono yangu inatoa damu, Papa?" aliuliza. "Ni dawa ya kupima soda. Kiwandani wanaitumia kila siku. Soda ikizidi inakula nguo, ile nguo Mama anavaa pale. Huyu njo anaangalia isizidi. Njo kazi yake. Alimwagikiwa, hakunawa. Ni mujinga kidogo, sikatai. Lakini muchawi, hapana."

Casimir hakuwahi kusikia mtu akiieleza kazi yake vizuri namna ile, hata profesa. Alitaka kulia.

Papa Siméon aliliangalia beseni. Akamwangalia binti yake. "Na wewe ulijifunza wapi ile?"

Mama Christiane, mlangoni, akafunika uso kwa kanga.

"Pale kwa cherehani," Célestine akasema.

"Lini?"

"...Mbele ya masika kuanza."

"Mbele ya masika," Papa Siméon akarudia, akitikisa kichwa. Kisha akamgeukia Casimir, akavunja desturi yake mwenyewe. "Wewe. Sema. Wanaume wanamuletea binti yangu marashi, wewe ulimuletea soda?"

"Dawa ya kupima soda, Papa," Casimir akasema. Ndilo neno la kwanza alilosema mbele ya mkwe wake, na lilikuwa sahihisho. Mjomba Basile alifumba macho.

"Na mimi ningenawa wa kwanza, wewe nyuma yangu? Maji yangebaki meupe?"

"Ndiyo, Papa. Kosa ni la mikono yangu. Nilikuwa na haraka ya kufika hapa. Niliogopa kuchelewa kuliko kitu chochote. Papa, mimi sina mashua. Kwa shimi sitakuwa tajiri, naona vile wenzangu wanaishi. Lakini ile kazi ninaipenda, na Célestine ninamupenda, na vyote viwili ninavijua vizuri. Ni kunawa tu kulinishinda leo."

Nje wazee wawili walikuwa wanachungulia juu ya ua, yule mwenye kiatu kimoja mbele. Kuku alipita katikati ya nyumba bila kujali mtu. Célestine hakurudi jikoni. Alisimama pale pale, kichupa mkononi, akimwangalia baba yake bila kupepesa.

Papa Siméon akakunja mikono ya shati, wa kulia, kisha wa kushoto. Akavuta beseni karibu. Akaingiza mikono yote miwili kwenye maji ya waridi mpaka viwikoni, akachukua sabuni, akaanza kusugua kidole kwa kidole, polepole, ili wale wa uani waone vizuri.

"Mama Christiane," aliita, "ugali unapoa. Letea Célestine kiti."