Posa ya Mjukuu wa Askari wa Kizuizini

Mutai, mlinzi wa hoteli Doha, ana kifua kama kabati. Usimcheke, lakini sebuleni kwa Mzee Cyrus, mtaa wa Najma, alikalia ncha ya kiti kama mtoto wa shule. Alikuja kumposa Milka, binti wa mzee, naye mzee hakubali posa kabla ya kuuliza ukoo.

“Vita vya Mau Mau, babu yako alikuwa wapi?”

“Kambi ya kizuizini, Mzee. Askari wa lango.” Mutai aliiona harusi ikiyeyuka.

Mzee Cyrus alishusha pumzi kama tairi. “Lango tu? Mzungu akitoa amri, babangu ndiye aliyepanga askari wa kupiga wafungwa. Nilihofia utaniuliza mimi kwanza, kijana!”

Mutai akaegemea kiti, akacheka. Milka hakucheka.

“Watoto wetu tutawaambia yote,” alisema, akimmiminia mchumba wake chai.