Buluu ya Bwana Miwani

Chokaa ikimwagiwa maji, mnaijua harufu yake? Inapanda puani kama mvua na majivu vimechanganywa. Juzi vijana walikuwa wanapaka chokaa ukuta wa kanisa, nami napita na kikapu changu cha mlenda, miguu ikakataa kwenda. Nikasimama nacheka peke yangu. "Bibi, kulikoni?" Nikawaambia, nyie pakeni tu. Lakini ninyi sogeeni niwaambie, maana siku yenyewe hakuna aliyecheka.

Enzi za Mjerumani hizo, reli ndiyo inaingia Dodoma. Umri wangu siujui vizuri, najua tu meno ya mbele yalikuwa yameng'oka. Mama yangu alikuwa hodari wa ngeu, ule udongo mwekundu tunaojipaka sisi Wagogo siku za ngoma. Aliusaga juu ya jiwe mpaka ulainike kama unga wa uwele, halafu anaukanda kwa mafuta ya nyonyo. Ngeu ya mama ilikuwa inashika! Akikukumbatia, nguo imekwisha. Ufue, uanike, iko palepale. Mikono yetu sisi wawili haikuwa na rangi nyingine.

Jirani na tembe letu alihamia Mjerumani mmoja wa reli, tukimwita Bwana Miwani. Alikuwa anamngoja mkewe kutoka Ulaya, akawa anamjengea nyumba. Mwashi wake Fundi Issa, mtu wa Kondoa, mtu wa swala na maneno machache. Siku moja mama alipeleka mayai pale, akachoka, akauegemea ukuta mpya. Ukabaki mgongo wake mzima umechorwa kwa ngeu! Bwana Miwani akamfukuza kama kuku aliyeingia jikoni. Mama naye mdomo wake haukuwa na komeo. Akasema mbele ya watu, "Ngeu ni nguo yetu. Na huo ukuta wako utaivaa tu!"

Maneno hayo yalirudi kututafuta.

Kesho yake Bwana alifungua kopo lililotoka kwao. Ndani unga wa buluu, jamani, umekolea hata macho yanauma. Mimi buluu niliyoijua ilikuwa juu mbinguni, sikujua kama inaweza kukaa koponi. Fundi Issa akamwambia, "Bwana, tujaribu kidogo kwanza. Si kila rangi inapatana na chokaa." Akaambiwa anyamaze. Bwana akachanganya mwenyewe kwenye ndoo ya chokaa, ukuta wa mbele ukapakwa upesi upesi kabla jua halijazama.

Mimi nikanyata kwenda kuona. Kizingitini kulikuwa na unga umemwagika, nikauchota kwa kiganja. Nyumbani mama akauona. Hakuniuliza kitu. Alinishika kiwiko, akachota majivu jikoni, akamwagia maji, akanisugua mpaka nikalia. Ile buluu ikageuka rangi ya kutu. Nikadhani ni ngeu yetu ya siku zote inatokeza chini.

Asubuhi ukuta wa Bwana Miwani ulikuwa mwekundu, mwekundu wa kutu, mabaka mabaka.

Ehe! Hapo kila mtu akaanza kumtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Mpishi wa Bwana alimshuku mwashi, mwashi akamshuku mpishi, majirani wakatushuku sisi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimshuku mama. Nilimkagua vidole wakati anasonga ugali. Naye alikuwa ananikazia macho. Nikasema moyoni, anapima kama nitamsema.

Askari akaja na mnyororo begani, nyuma yake Bwana Miwani na Fundi Issa. Mimi huyo, nyuma ya ghala la uwele.

"Nani kapaka ngeu ukuta wa Bwana?"

"Mimi," mama akasema. "Peke yangu."

Nikajua basi, kumbe kweli ni yeye! Lakini mnyororo ulipomgusa shingo nilishindwa. Nikachomoka napiga kelele, "Msimchukue! Hata mimi nilishika ile buluu, mama akanisugua na majivu, ikawa nyekundu vilevile!"

Mama akaniziba mdomo kwa kiganja, pumzi ikanikatika. "Huyu ana homa, anaweweseka."

Fundi Issa akachuchumaa mbele yangu. "Mwanangu, umesema majivu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akaomba kata mbili na ule unga wa buluu. Ya kwanza akatia unga na maji matupu, ya pili unga na chokaa. Tukazizunguka. Bwana alimwangalia fundi vidole, asije akatia kitu; askari akamwangalia mama; mama akaniangalia mimi. Kata ya kwanza ikabaki buluu. Ya pili ikafifia, ikachujuka, ikawa kutu tupu, na hakuna mkono ulioigusa.

"Chokaa inaila rangi hii, Bwana," fundi akasema. "Hata maji ya majivu yanaila."

Bwana Miwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Akanusa kata. Ilikuwa kutu bado.

Askari akafungua mnyororo huku amenuna. "Wewe mama una wazimu? Unakiri jambo hujafanya?"

"Ulinishtua," mama akajibu.

Na mke wa Bwana yuko njiani! Siku ya pili Fundi Issa alibisha hodi kwetu. "Dada, naomba ngeu kavu, isiyo na mafuta. Yako haiogopi chokaa." Mama akadai mbuzi kwanza, akapewa. Nyumba ile ikavaa wekundu mpole, na huyo mama wa Kizungu alipofika, walisema aliipenda.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe siku nilipomuuliza. Tulikuwa tunapepeta uwele. "Mama, kwa nini ulisema ni wewe?"

"Si nilikuona na buluu kiganjani? Nikajua umekwenda kunilipia kisasi."

"Mimi nilidhani ni wewe!"

Alicheka mpaka uwele ukamwagika. Nami nilicheka, kisha nikainama kuuzoa. Tulishukiana sote wawili, siku moja, jambo moja, ndani ya tembe moja. Mimi nilipomshuku nilijificha nyuma ya ghala. Yeye aliponishuku alitoka nje, akatoa shingo.