Tope Lililopoteza Wekundu

Nakumbuka siku tuliyoshinda Rusumo, mwanangu, na kabla sijaendelea nikiri jambo nililolikana miaka mingi: siku hiyo nililia. Walioniona niliwaambia ni manyunyu ya maporomoko. Walionijua zaidi niliwaambia ni vumbi la malori yanayosubiri kuvuka kwenda Rwanda. Ukweli ni kwamba Shangazi Anastazia alikuwa amenigombeza, na mtu mwenye shahada moja na nusu hapendi kusema amelizwa na shangazi yake.

Wakati huo nilikuwa chuo kikuu Mwanza, nasomea tope. Ndiyo, tope. Nyumbani Nyakisasa, wilayani Ngara, mama alipoulizwa binti yake anasomea nini, alijibu "mambo ya maji," kwa kuwa ilisikika vizuri zaidi kanisani. Kazi yangu ilikuwa kuchota tope kwenye sakafu ya Ziwa Viktoria, mbele ya pale mto Kagera unapoingia, halafu kurudi nyuma mto kwa mto, kijito kwa kijito, nikitafuta limetoka wapi. Udongo nao una ukoo. Ukijua pa kuutazama, utakwambia ni wa kilima gani.

Mwaka huohuo yakazuka maneno kijijini. Bwana shamba alisema mkutanoni kwamba udongo wa bondeni, tunakolima maharage wakati wa kiangazi, ndio unaobebwa na maji hadi Kagera na kwenda kulijaza ziwa. Ikithibitika, bonde lifungwe. Shangazi alikuwa mjane, na kipande chake cha bondeni ndicho kilichomlisha miezi ambayo mlimani hakuna kitu. Mkutano ukakubaliana kusubiri majibu yangu. Hebu fikiria: kijiji kizima kinamsubiri binti anayeogopa hata chura.

Basi nikaenda Rusumo kuchota tope pale mto Ruvubu unapoingia Kagera, kabla maji hayajaporomoka. Shangazi akasema anakuja.

"Nataka nilione hilo tope linalonisingizia," alisema, akabeba na sufuria ya ndizi na maharage kana kwamba tunahama.

Tulipofika nilimwonyesha mfuko wa tope nililolitoa ziwani. Lilikuwa la kijivu, kama majivu yaliyolowa. Kwetu udongo ni mwekundu. Soksi zetu za shule zilikuwa nyeupe siku ya kununuliwa tu. Moyo ukawa mwepesi.

"Shangazi, tulia. Hili si letu. Letu jekundu."

"Umepima?"

"Bado, lakini si unaona mwenyewe?"

"Mimi naona. Wewe tulikupeleka shule ukafanye nini, ukaone kama mimi?"

"Nilitaka tu usiwe na wasiwasi."

"Wasiwasi ni wangu, niachie. Nilikuomba habari, sikukuomba faraja. Kesho nisimame mbele ya watu niseme bonde letu ni safi, halafu majibu yaje yakatae? Wewe utakuwa Mwanza unakula samaki. Mimi nitabaki na watu."

Hapo ndipo manyunyu ya maporomoko yaliponiingia machoni. Shangazi alinitazama kidogo, akanipa ncha ya kanga yake, kisha akanipakulia.

"Haya, kula. Ukimaliza uendelee kuchota."

Kinachonichekesha mpaka leo ni kwamba nilijua. Mwalimu wangu alikuwa ametufundisha kwamba wekundu wa udongo ni kutu ya chuma, na chini ya ziwa, kwenye tope lisilo na hewa, kutu hiyo huondoka na tope hubaki la kijivu. Ndiyo maana rangi haiulizwi. Unachuja mchanga, unabaki na ule udongo laini unaoweza kusafiri mbali, kisha unapima madini yasiyoyeyuka njiani, kama thori na skandi, ambayo Shangazi alidhani ni majina ya mapacha. Mtihani wa somo hilo nilifaulu vizuri. Nilipomwona mtu ninayempenda ana hofu, somo lote likanitoka.

Kwa hiyo mwanangu, wewe uliyesoma, au unayesoma, watu wako watakusubiri uwape jibu, na utaona usoni mwao jibu wanalolitamani. Usiwape hilo kabla hujalipata la kweli. Sema "bado sijui," hata kama macho yao yanakuchoma. Ukiwatuliza kwa neno usilolipima, siku ukweli ukifika watausikia wakiwa wamekwisha kusimama mbele za watu kwa jina lako. Mungu akupe ulimi wenye subira, na akujalie mtu wa kukugombeza ungali kijana.

Simu iliyomaliza ubishi ilinikuta Biharamulo, nimempeleka Shangazi hospitali kutazamwa macho. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la nje. Aliyepiga alikuwa Deusi, mwenzangu wa maabara. Nikainuka niongelee pembeni. Shangazi akanishika sketi.

"Hapahapa. Na uweke spika."

Nikaweka.

"Dada, majibu yametoka," Deusi alisema. "Tope la ziwani lina alama za udongo wa kwenu Ngara."

Mkono wa Shangazi ulibaki kwenye sketi yangu.

"Lakini si wa bondeni," Deusi akaendelea. "Bondeni hapafanani kabisa. Ni ule wa mlimani, wa juujuu, unaolimwa kwenye miteremko."

"Huna shaka, baba?" Shangazi aliuliza.

"Shikamoo, mama. Nimepima, nikarudia."

"Marahaba. Kwa hiyo maharage yangu hayana kosa?"

"Hayana, mama."

Shangazi akashusha pumzi. Shamba lake la mlimani lilikuwa na mteremko mkali kuliko mengine yote pale kwetu, na hilo tulilijua sote wawili.

"Basi mlimani ni kwangu," akaiambia simu. "Asante hukunificha, mwanangu. Mungu akuzidishie. Sasa kata, huyu anitafutie pingili za majani ya mabingobingo nikapande kuzuia udongo wangu kabla mvua hazijaanza."