Mjomba wa Nyumba Namba Tisa

Siku nilipomkuta mtoto wa jirani yetu wa nyumba ya nyuma amekaa kwenye maskani ya mateja, wale vijana walioharibiwa na unga wa kulevya, mdomo wazi, nzi wanamtembea usoni na yeye hana habari, nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu tunahama. Sikumuuliza, nilimwambia. Kijana yule alikuwa amesoma darasa moja na mwanangu. Amekula kwangu, na kaptura yake ya shule nilimshonea mimi. Mwanangu alikuwa na miaka kumi na sita wakati huo, dadake kumi na mitatu, na tangu siku hiyo kila mwanangu alipoingia ndani nilimtazama macho kama mtu anayenunua samaki.

Basi tukaanza kutafuta mji salama. Mume wangu ni karani wa serikali ya kaunti, angeweza kuomba uhamisho. Mimi nina cherehani, na cherehani hupata kazi popote penye watu wanaonenepa. Kilichobaki ni kuchagua tu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mtu mzima mwenye akili zake, ukimuuliza mahali pa kulea mtoto, hugeuka mpumbavu mbele ya macho yako.

Shemeji yangu alitutumia sauti ndefu kwenye simu akituambia tuhamie Nairobi, ndiko kwenye maisha. Huyu ni mtu ambaye mlango wake una makufuli manne, na akitoka kutupa taka hubeba rungu. Wifi yangu wa Mombasa alisifu shule za huko mpaka nikaenda kujionea. Kila niliyemuuliza aliniambia mtaa wake hauna neno, wahuni wako mtaa wa pili. Nikienda mtaa wa pili, naambiwa wahuni wako kule nilikotoka. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, lakini hawa walivutia mpaka ngozi ikakatika. Mama mkwe naye, huko Ganze, alisema tumpelekee watoto yeye, kwa kuwa unga anaoujua ni wa mahindi tu na huo wenyewe kuupata ni kazi. Angalau yeye alinichekesha.

Lakini dharau yangu kubwa niliiweka kwa Barani yenyewe, mtaa wetu hapo Malindi, na hasa kwa bibi aliyekuwa akiuza mahamri mkabala na mlango wetu. Alikaa barazani kwake tangu alfajiri. Mahamri yakiisha hakuondoka, alibaki na kigoda chake na biashara za watu wengine. Kila siku alikuwa na taarifa yangu.

"Mwanao leo kapita na mwenzake, uso wake siupendi."

"Mwanao kavua shati la shule njiani, nimemwambia alivae."

"Bintiyo kasimama kwa yule mwenye bodaboda akicheka. Nimemwita nimemrudisha nyumbani. Usinichukie, mwanangu."

Nilimchukia. Nyumbani nilimwita redio, na watoto wakajifunza kumwita redio. Niliona aibu kukaa mtaa ambao mtoto hawezi kununua peremende bila habari kunifikia kabla hajaimaliza. Nilisema kwa mdomo wangu kwamba watu wa Barani wana macho mengi kwa sababu hawana kazi. Siku ya kuhama sikwenda kumuaga. Alivuka barabara mwenyewe, amefunga mahamri kwenye kitambaa, akaniambia Mungu anilindie wanangu. Nikasema amina huku namwangalia utingo anavyopakia kabati langu.

Tulikuwa tumechagua Kilifi. Dalali wetu alikuwa kijana wa viatu vilivyochongoka, anatembea mchangani kwa kunyata kama kuku aliyemwagiwa maji, na kazi yake yote ilikuwa kusema neno usalama. Ukuta, usalama. Nyaya za umeme juu ya ukuta, usalama. Geti la chuma, mlinzi mwenye sare, na mezani kwa mlinzi kuna daftari kubwa ambalo kila mgeni huandikwa: jina, namba ya gari, nyumba anayokwenda, uhusiano.

"Mama, hapa hata nzi hapiti bila kuandikwa," alisema, akalifunua lile daftari kwa mikono miwili kama cheti cha ndoa.

Nilimdharau dalali, lakini nililiamini daftari. Tukapewa nyumba namba tisa.

Kilichonifurahisha zaidi pale ni kwamba hakuna aliyeniuliza kitu. Majirani walisalimiana kwa honi. Ilipoingia Ramadhani nilimtuma binti yangu nyumba namba kumi na sahani ya kaimati, maana ndivyo nilivyolelewa. Ikapokewa kwenye upenyo wa mlango. Kesho yake mlinzi akanirudishia sahani, imeoshwa, tupu. Kwetu sahani hairudi tupu, hata kama ni vipande viwili vya papai mtu atakuwekea. Nilicheka nikamwambia mume wangu, hawa ndio watu wastaarabu, hawataki kujuana. Nilijiona nimefika.

Tulikaa miezi minane. Asubuhi moja, niko kwenye cherehani chumba cha nyuma, mlinzi akanipigia simu.

"Mama, kuna bibi hapa getini. Ana kikapu, hana kitambulisho. Anasema anakujua, ameulizia mpaka akafika."

Nikajua ni nani. Nitasema ukweli wangu: nilishafungua mdomo nimwambie mlinzi kwamba sipo. Niliona anakuja kuniletea udaku wa Malindi mpaka Kilifi, na nyumba namba kumi watamwona akiingia kwangu na kikapu chake. Kisha nikasikia sauti yake nyuma ya ile ya mlinzi: "Mwambie sikuja kuuza."

Nilimkuta amekaa juu ya jiwe nje ya geti, juani. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba, na hakuniuliza habari za nyumba, za watoto wala za kazi. Hapo nikajua kuna jambo, kwa sababu mtu wa kwetu hawezi kuziruka habari hizo bure.

"Mwanao yuko wapi?"

"Shule."

"Na jana?"

"Shule."

"Jana saa nne alikuwa Barani. Kashuka kwenye gari jeupe na mwanamume mmoja wa miwani myeusi, kampa mtu wa maskani mfuko. Nikamwita kwa jina lake na la babake. Kaniangalia, karudi garini, wakaenda zao. Neno hili si la simu, mwanangu, ndiyo nimekuja nalo mwenyewe."

Nikamwambia amemfananisha. Nilimwambia kwa adabu, lakini sauti yangu ilikuwa ileile ya mtu anayefunga dirisha. Hapa, nikasema, haingii wala hatoki mtu bila kuandikwa. Nikamgeukia mlinzi nikamwagiza daftari, ili bibi aone kwa macho yake.

Mlinzi aliandika vizuri sana, herufi zimesimama. Gari jeupe. Nyumba namba tisa. Uhusiano: mjomba. Nikafunua ukurasa wa nyuma. Mjomba. Nikafunua mwingine. Mara kumi na moja nililiona neno lile, na chini yake limepigiwa mstari kwa rula.

"Huyo ni mtu mzuri, mama," mlinzi akasema kwa fahari. "Humchukua kijana hapa getini asubuhi ampeleke shule. Hunisalimu kila akija."

Mimi sina kaka. Mama yangu alizaa wasichana wanne, akakoma. Barani nzima inajua, hata mateja wenyewe pale maskani wanajua kwamba sina kaka. Mwanamume angejitokeza mtaani kwetu akajiita mjomba wa wanangu, yule bibi angemuuliza, mjomba wa tumbo lipi, na watu wangekuwa wameshatoka barazani kusikiliza jibu. Hapa aliulizwa uhusiano, akajibu, ikaandikwa. Nikakaa juu ya lile jiwe.

Bibi alikataa kuondoka kabla ya kumwona kijana. Alikaa sebuleni kwangu, hakugusa hata chai. Mwanangu aliporudi saa kumi akamkuta pale, mfuko wa vitabu ulimtoka begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Jana ulinikimbia."

Akalia, mvulana mwenye ndevu zinazoanza, akalia kwa sauti. Alisema yule mtu alimpa simu, halafu viatu, halafu akaanza kumtuma. Aliapa kwamba unga wenyewe hajauonja. Nilimtazama macho kama nilivyozoea na sikuona kitu, na nikajua kwamba miezi minane nilikuwa nikitazama na sioni kitu. Bibi akamshika kidevu, akamgeuza dirishani penye mwanga, akamkagua kwa muda mrefu.

"Bado," akasema. "Huyu bado ni wetu."

Jioni ileile mume wangu alikwenda kituo cha polisi na ile namba ya gari, na tangu siku hiyo gari lile halikuonekana tena pale getini. Aliporudi alijitupa kwenye kiti akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, sasa tuhamie wapi. Bibi alikuwa akijifunga leso yake tayari kwa safari.

"Kwani nani aliwafukuza?" akauliza.

Nilimsindikiza mpaka getini. Mlinzi akatuzuia, akasema mgeni huyu hakumalizwa kuandikwa asubuhi, ameacha nafasi moja wazi. Bibi akasema hana miwani. Nikaichukua kalamu mimi. Chini ya wale wajomba wote, penye uhusiano, nikaandika: jirani.

Mlinzi akasoma, akakunja uso.

"Jirani wa nyumba namba ngapi, mama?"

"Andika Barani," nikamwambia.