Nilimkana Mama Riziki kwa Ajili ya Kuruka Kamba

Niseme wazi kabisa: mwenye kosa ni mimi. Sitamsingizia Shetani wala watu. Ni mimi!

Mume wangu ni mchungaji wa kanisa dogo huku Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Tulikimbia vita kwetu Kongo, Kivu ya Kusini, tukafika na watoto wetu. Tangu hapo jina langu likapotea, nikawa Mama Mchungaji. Mama Mchungaji hacheki kwa sauti. Mama Mchungaji hakai fasi yoyote tu. Hata kwenye pampu ya maji, nikifika, wanawake wananyamaza. Jamani, ile heshima ilikuwa inaninyonga!

Jirani yangu alikuwa mjane, tumwite Mama Riziki. Mchana mmoja tulikuwa tunapukuchua mahindi nyuma ya jiko lake, watoto wako masomoni. Akachukua kamba ya kufungia magunia, akafunga ncha moja kwenye nguzo, akaanza kuizungusha.

"Mama Mchungaji, kwenu hamukuwaka munaruka kamba?"

"Mimi? Nilikuwa nashinda bote!" Ilinitoka bila kufikiri.

"Basi ruka, tuone."

Nikavua kandambili, nikakaza kitenge, nikaingia. Kwanza kamba ikanipiga miguu. Halafu mwili ukakumbuka wenyewe! Nikaruka, nikaimba nyimbo za utoto nilizodhani zilibaki kule pamoja na nyumba yetu. Tulicheka mpaka tukaanguka kwenye magunzi, machozi yanatutoka. Sikuwa mke wa mtu, sikuwa mkimbizi. Nilikuwa mtoto wa mama yangu.

Tukawa tunaruka kila tukipata nafasi. Ni pale tu nilipokuwa napumua.

Siku moja mimi ndiye nazungusha, yeye anaruka, mume wangu akatokea na mzee mmoja wa kanisa. Nikaiachia kamba kama imeniunguza.

"Ni nini hii?" mzee akauliza.

Na mdomo huu huu ukasema: "Nilikuja kumukataza. Huyu mama akili inaanza kupotea. Anarukaruka, anacheka peke yake."

Mama Riziki akanitazama. Akainama, akaiokota ile kamba. Angesema ukweli, mimi ningekuwa nimekwisha, na alilijua hilo.

Jumapili wakamwita mbele, wakasema ana pepo. Wakamwekea mikono. Na mimi nikaweka wangu! Alikuwa anatetemeka chini ya kiganja changu, mimi naomba kwa sauti kupita wote.

Baada ya hapo watu wakamkimbia, yeye na watoto wake. Akauza maharagwe yake, akahamia mjini Mbarara. Mimi? Mimi nikapewa kazi ya kuonya wamama wasio na adabu. Ee Mungu wangu!

Moyo ukanisumbua mpaka nikamtafuta. Nikamkuta kule mjini, mtaa wa Nyamitanga, ng'ambo ya Mto Rwizi, anafua nguo kwenye nyumba ya watu. Nikapiga magoti pale pale kwenye maji ya sabuni.

"Simama, mama. Nilishakusamehe," akasema. "Lakini kule mimi ni mutu wa pepo mpaka leo. Binti yangu mukubwa alikuwa anaposwa, bakwe walimukataa juu ya ile maneno. Wende useme kweli mu kanisa."

"Nitasema."

"Lini?"

"Jumapili hii hii."

Jumapili ikafika, nikasimama. Mume wangu akatabasamu, akidhani nina ushuhuda. Nikafungua mdomo… nikaomba tuimbe wimbo. Nikakaa.

Jumapili nyingi zimepita. Kila nikisimama, ni wimbo. Watu wanasema Mama Mchungaji anapenda sana kuimba! Na ndiyo maana hata hapa sitaji jina langu. Bado naogopa.

Yule binti bado yuko nyumbani kwa mama yake. Na mimi niko hapa, mgongo wima, kitambaa kichwani, nawaonya wanawake wasicheke ovyo.

Wamama wenzangu, kucheza si dhambi. Ubaya ni kumkana uliyecheza naye. Na kama umeshamkana, kimbia ukaseme siku ile ile, kabla hawajakusifu. Wakishakusifu, hutaweza tena.