Ugonjwa Usiotaka Sauti

"Dada, mdogo wako ametutoka," muuguzi alinong'ona mlangoni, kana kwamba mgonjwa bado angeweza kushtuka. Dada mtu alikuwa kwenye benchi la korido, miguu peku, viatu mapajani. Akanong'ona vilevile: "Mungu ampokee."

Mdogo wake alikuwa seremala, mtu wa maneno mengi. Karakana nzima walimwita Redio. Msumari ulipomchoma unyayo, aliung'oa kwa koleo, akaufunga mguu kwa kitambaa cha kufutia gundi, akaendelea kupiga randa. "Miaka yote naigonga, leo mmoja umelipa kisasi," alicheka. Siku ya nane taya zilibana kama jiliwa la kubania mbao.

Hospitali walisema ni pepopunda. Dada mtu, asiyekosa ibada, alishika kipande kimoja tu cha neno hilo: pepo. Akasimama kando ya kitanda, akapaza sauti: "Pepo la punda, mtoke!" Mgongo wa mdogo wake ukapinda kama upinde, kisogo na visigino tu vikigusa godoro.

Muuguzi alimvuta nje.

"Dada, utamuua! Hili si shetani, ni sumu ya vijidudu vya kwenye kidonda. Katika uti wa mgongo kuna wajumbe wa kemikali. Wengine huiambia misuli 'kaza', wengine 'tulia, imetosha'. Sumu imewazuia wale wa 'tulia' wasitoke. Mlango ukigongwa tu, mwili mzima unakaza. Tunampa dawa ya kuwasaidia, lakini kelele zinaizidi nguvu. Na akili yake ni nzima. Anasikia kila kitu humo alimofungwa."

Dada mtu alirudi kwa kunyata. Redio akasema kupitia meno yaliyofungana: "Dada... punda... kakosa nini?"

Alijaza mtandio mdomoni asicheke, asilie.

Siku sita alisali benchini bila sauti. Kila troli lililopita lilimkata maini. Je, ukelele wake ndio uliompunguzia siku? Hakuthubutu kuuliza. Siku ya sita misuli ya kupumulia ilikaza, haikulegea tena.

Alizikwa Jumamosi mchana. Wenzake wa karakana walichonga jeneza na kulibeba wenyewe. Dada mtu aliombwa aongoze sala. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Alipoinua kichwa, watu wakaitikia, "Amina." Jeneza likashushwa. Mama yao akatupa udongo wa kwanza, kisha yeye, kisha maseremala wakashika majembe wakafukia.